Ulimi Mzito na Haruni Wangu wa Majengo

Kuna neno moja ambalo kwangu ni gumu kuliko maneno yote ya lugha hii, nalo ni jina la lugha yenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Nina umri wa miaka 28, na tangu nilipoanza kusema nimekuwa na kigugumizi. Sauti /k/ ndiyo hasimu wangu mkuu. Inapotangulia katika neno, sehemu ya nyuma ya ulimi wangu hugandamana na kaakaa laini na kukataa kubanduka. Hewa hukatika, shingo hukakamaa, macho hunitoka, nami nikasalia nimeachama mbele ya watu wanaosubiri neno ambalo wote wanalijua isipokuwa kinywa changu.

Kwa miaka mingi wenzangu walinisifu kwa kile walichokiita ufasaha. Sikusema "Kiswahili", nilisema "lugha yetu adhimu," au "lugha hii ya taifa," au "lugha iliyotoka Mwambao." Sikusema "kesho", nilisema "siku ifuatayo." Sikuomba karatasi, niliomba waraka. Walidhani hayo yalikuwa madoido ya mtu aliyebobea. La hasha! Nilikuwa mkimbizi. Mwenye kigugumizi hujifunza visawe kama mwizi ajifunzavyo vichochoro, ili njia moja ikizibwa atokee nyingine. Hata hivyo, lugha yenye ngeli haimwachi mkimbizi kwenda mbali. Nikishatamka "kilichonileta hapa," nimejifunga kwa upatanisho wa kisarufi, sina budi kumalizia kwa nomino ya ngeli ya KI-VI, na nyingi za nomino hizo huanza kwa sauti ileile ninayoitoroka. Nimewahi kubadilisha sentensi nzima, nikageuza maana na hata kusema uongo, almuradi nisikutane na /k/.

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa siku ya kuwasilisha pendekezo langu la utafiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi minne. Tasnifu yangu ilihusu Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858, na kila hoja nilikuwa nimeikariri. Niliposimama, mwenyekiti wa kikao aliniomba nianze kwa kutaja mada kama ilivyoandikwa. Neno la tatu la mada lilikuwa "Kauli." Nilisema "Nafasi ya," kisha nikakwama. Nilijaribu tena. Watu waliinamisha nyuso. Mmoja alicheka, nadhani kwa aibu zaidi ya kejeli. Baada ya muda ambao sikuweza kuupima, mmoja wa wahadhiri alisema kwa sauti ya upole kwamba nikae tu, watasoma wenyewe, kwani huenda njia hii ya masomo haikuwa yangu. Upole ule ndio ulionimaliza. Angenikaripia, ningemchukia yeye. Kwa kuwa alinihurumia, nilijichukia mwenyewe.

Nilipanda matatu jioni ile nikarudi nyumbani Nyeri.

Nyumbani kwetu ni Majengo. Msomaji wa Mombasa, Nairobi, Meru au Nanyuki hatashangaa akisikia jina hilo, maana miji hiyo nayo ina Majengo yake. Aghalabu mitaa hii ilianza enzi za ukoloni, pale wafanyabiashara, wapagazi na askari waliostaafu, wengi wao Waislamu, walipopata mahali pa kujenga kando ya mji uliokuwa ukikua. Sisi wa bara tunaopenda kudhani kwamba lugha hii tuliletewa na vitabu vya shule tungefaa kukumbuka kwamba kabla ya vitabu hivyo kulikuwa na Majengo. Katika mtaa wetu nyumba za mbao na mabati zimebanana hata ukikohoa jirani anakupa pole. Asubuhi na mapema, mbingu ikiwa safi, Mlima Kenya huonekana wazi kabisa; kufikia saa nne mawingu huwa yameshaufunika, na mgeni aliyechelewa kuamka huondoka akidhani hakuna mlima.

Mama yangu ana genge dogo la mboga na viazi. Sikumweleza yaliyonipata. Nilimwambia chuo kimefunga, naye akanitazama kwa namna ambayo ilinionyesha kwamba hakuamini, kisha akanipa kisu nimsaidie kukata sukuma wiki. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Sikuifungua tasnifu. Nilijifunza kununua vitu kwa kuashiria kidole. Usiku mmoja niliandika barua ya kujiondoa masomoni, aya tatu nadhifu, na nikagundua jambo lililonichoma: kwa maandishi sikukwama hata mara moja. Niliikunja, nikaiweka ndani ya kitabu.

Imani nilikuwa nayo, au nilidhani ninayo. Nimebatizwa na kulelewa katika Kanisa Katoliki, na sala za mama yangu nilizijua kabla ya kujua kusoma. Lakini dhiki haichagui mlango wa kubisha. Rafiki mmoja alinishawishi niende naye kwenye mkesha wa maombi katika hema moja nje ya mji, ambako alisema watu hufunguliwa. Nilikwenda. Mhubiri alinisimamisha mbele, akaweka mkono juu ya kichwa changu, akaikemea roho ya ububu kwa muda mrefu, halafu akanisogezea kipaza sauti na kuniamuru nitaje jina langu. Jina langu, ewe msomaji, linaanza kwa /k/. Umati ulisubiri. Nilijitahidi hadi jasho likanitoka katika baridi ile ya usiku wa Nyeri, na sauti haikutoka. Ndipo mhubiri akauchukua mkono wangu, akanirudisha kando, na kuwatangazia watu kwamba Mungu alikuwa tayari ila imani ya ndugu huyu ilikuwa haijatosha.

Nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge maradufu. Awali nilikuwa na ulimi mgonjwa. Sasa nilikuwa na roho mgonjwa pia, kwa ushuhuda wa watu mia kadhaa. Nilijiuliza swali ambalo nadhani waumini wengi wamewahi kujiuliza bila kulitamka: ikiwa nguvu ya imani hupimwa kwa udhaifu kuondoka, basi mimi ambaye udhaifu wangu haujaondoka nina nini?

Jibu la kwanza lilitoka mahali nisipopatarajia. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama mzee Mwislamu, mzaliwa wa Majengo, ambaye sote tunamwita Nyanya. Alasiri moja nilimpelekea mboga alizoziagiza kwa Mama. Nilimkuta barazani, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona siku hizi hunisemeshi? Zamani ulikuwa ukipita hapa ukinichekesha kwa maneno yako."

Nilijaribu kumjibu kwamba kazi zilikuwa nyingi. Neno "kazi" likanikamata papo hapo mlangoni. Nyanya hakuinamisha uso. Hakunimalizia neno. Aliendelea kuzihesabu shanga zake hadi nilipofika mwisho, kisha akasema, "Nabii Musa alikuwa na fundo ulimini, na Mola alimtuma kwa Firauni vivyo hivyo. Huko kwenu hamsomi habari zake?"

Tunazisoma. Nilirudi chumbani nikaifungua Biblia katika Kitabu cha Kutoka, sura ya nne, ambayo nilikuwa nimeisikia mara nyingi kanisani bila kuisikiliza. Musa anasimama mbele ya kichaka kinachowaka na kujitetea kwamba yeye si msemaji, kwamba kinywa chake ni kizito na ulimi wake ni mzito. Kama mhakiki niliyefunzwa kutazama kile ambacho matini haikisemi, nilisoma tena na tena nikitafuta aya inayosema kwamba Mungu aliugusa ulimi ule ukawa mwepesi. Haipo. Mungu anamuuliza ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu, anamwahidi kuwa pamoja na kinywa chake, na Musa anapozidi kusita, anampa Haruni nduguye aseme naye. Musa alikwenda Misri na uzito wake wa ulimi, ila hakwenda peke yake.

Nikafungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12. Mtume Paulo anasema alikuwa na mwiba mwilini. Wafafanuzi wamebishana kwa karne nyingi kuhusu mwiba huo ulikuwa nini, na yeye mwenyewe hakutaja. Aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa. Aliambiwa kwamba neema ilimtosha, na kwamba uwezo wa Mungu hukamilika pale mwanadamu anapokuwa dhaifu. Nilikaa na maneno hayo hadi mshumaa ukaisha, maana stima ilikuwa imepotea mtaani. Kama Paulo angekuwa katika hema lile, naye angerudishwa kando kwa kosa la imani haba.

Sikupona usiku ule. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea shuhuda zenye mwisho mtamu. Nilichopata ni ruhusa ya kuwa dhaifu bila kuwa na hatia.

Jibu la pili lilikuja mwezi wa Oktoba, ambao kwa Wakatoliki ni mwezi wa Rozari. Kila jioni Jumuiya Ndogo Ndogo yetu ya Kikristo hukutana katika nyumba ya mwanajumuiya mmoja, na siku inayofuata huhamia nyingine, hadi mwezi uishe. Kwa wasioifahamu sala hii, muundo wake ni wa kupokezana: kiongozi hutamka nusu ya kwanza ya Salamu Maria peke yake, nao waumini huitikia nusu ya pili kwa pamoja, mara kumi kwa kila tendo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atautambua mara moja kuwa ni muundo wa mwito na mwitikio, ule ule wa nyimbo zetu za kazi na za jando.

Nilikuwa nikihudhuria na kukaa karibu na mlango. Jioni moja, nikiitikia pamoja na wengine, nilijisikia nikisema. Sauti yangu ilikuwa ikitoka nzima, pasi na kukwama, /k/ na zote, ndani ya sauti za akina mama wa Majengo. Nilinyamaza kwa mshtuko, kisha nikaitikia tena ili nihakikishe. Naam, ilikuwa kweli.

Baadaye nilisoma na kufahamu kwamba hilo halikuwa ajabu. Wataalamu wamelijua kwa muda mrefu. Takriban mtu mzima mmoja kati ya 100 ulimwenguni ana kigugumizi, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Hali hii mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na haitokani na woga wala ujinga, ijapokuwa woga huizidisha. Na watu walio nayo, wanapoimba au wanaposoma kwa pamoja na wengine, aghalabu kigugumizi huwaacha kwa muda. Mfalme George VI wa Uingereza alikuwa na kigugumizi, na alisaidiwa kwa miaka mingi na mtaalamu kutoka Australia aliyeitwa Lionel Logue. Sisi watu wa Nyeri tunamjua mfalme huyo kwa kifo chake tu, kwa kuwa alipofariki tarehe 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth alikuwa huku kwetu, amelala usiku ule katika hoteli ya Treetops msituni Nyandarua. Mimi sikuwa na Logue, ila nilikuwa na akina mama kumi na wawili na mzee mmoja mwenye kikohozi.

Siku iliyofuata zamu ya kupokea Jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu. Kwa desturi, mwenye nyumba huongoza tendo mojawapo. Mama alinigeukia mbele ya wote akasema, "Leo mwanangu ataongoza." Nilimtazama kwa macho ya kusihi, naye akanitazama vile vile alivyonitazama siku niliyorudi. Alikuwa amejua kila kitu tangu mwanzo.

Nilianza. Salamu Maria ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita. Katika ya tatu, nilipofika kwenye neno "kuliko," nilichagua njia ya uoga, nikateleza, nikapoteza mpangilio wote na kukwama kabisa. Kimya kikaingia ndani ya nyumba. Nilisikia mvua juu ya mabati. Nikasema moyoni, ndilo hema lile tena.

Ndipo mama mmoja aliyeketi karibu na jiko akaanza kuitamka nusu yangu, polepole, kutoka mwanzo. Hakuitamka kwa niaba yangu. Aliitamka nami, huku akinitazama ili niingie. Mwingine akaungana naye. Nikaingia. Tukaongoza sote, kisha tukaitikia sote, na mpaka tendo lile likaisha hapakuwa tena na kiongozi na waitikiaji. Jifya moja haliinjiki chungu. Hakuna aliyeeleza jambo lolote. Baada ya sala tulikunywa chai, wakazungumza juu ya bei ya viazi.

Msomaji anaweza kusema kwamba hiyo ni fiziolojia ya usemi wala si neema. Mimi sioni sababu ya kuvitenganisha. Nilikuwa nimeomba miaka yote ulimi mwepesi, kama Paulo alivyoomba mwiba utoke, na nilikuwa nimepewa kile alichopewa Musa. Haruni wangu alikuwa na kanga ya kufunga kiunoni na mikono inayonuka kitunguu.

Mwezi ule wa Rozari ulifungwa tarehe 31 Oktoba, na jioni hiyo katekista wetu alitukumbusha kwamba ilikuwa pia kumbukumbu ya kifo cha Sista Irene Stefani. Jina hilo kila Mkatoliki wa Nyeri analijua, lakini kuna majina tunayoyajua kiasi cha kutoyasikia. Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akajiunga na Masista Wamisionari wa Konsolata, akafika Kenya mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Alipelekwa kuwauguza wapagazi, wale Waafrika waliolazimishwa kubeba mizigo ya majeshi ya Waingereza katika vita ambavyo havikuwa vyao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Wanafunzi wa Kiswahili tunawataja kila siku pasi na kujua, kwani majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Sista Irene alihudumu katika hospitali zao huko Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Baada ya vita alitumwa Gikondi, hapa hapa Nyeri, akakaa huko kuanzia mwaka 1920. Alifundisha, alitembea kwa miguu kuwafikia wagonjwa, na aliwaandikia barua akina mama waliotaka kuwasiliana na wana wao waliokwenda kutafuta kazi mijini. Watu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafariki akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri, katika ibada iliyofanyika mjini Nyeri.

Nilipokuwa nikimsikiliza katekista, nilivutiwa na jambo ambalo hakulitilia mkazo. Katika hospitali zile za wapagazi Sista Irene hakuwa na dawa za kutosha wala uwezo wa kuwaponya wengi wao. Wengi walikata roho mbele yake. Alichoweza kuwapa ni kutokufa peke yao. Na huko Gikondi, yule mama asiyejua kuandika hakufundishwa kusoma kwa muujiza wa usiku mmoja. Alipata mtu wa kuketi kando yake na kuyatia wino maneno yake. Hiyo pia ni kazi ya Haruni. Nilitambua kwamba imani niliyokuwa nikiitafuta katika mikesha ilikuwa imeishi katika wilaya yetu tangu zamani, ikitembea na viatu vya matope.

Usiku ule nilirudi kwenye tasnifu. Nilitoa kitabu, barua yangu ya kujiondoa ikaanguka sakafuni. Asubuhi nilimpa Mama awashie jiko. Aliuliza, "Ni karatasi ya maana hii?" Nikamwambia si ya maana.

Niliposoma upya yale niliyokuwa nimeandika, nilishangaa jinsi nilivyokuwa kipofu. Mwaka mzima nilikuwa nimechambua vina na mizani ya utendi wa Mwana Kupona, na mahali fulani katika utangulizi nilikuwa nimetaja, kwa sentensi moja, kwamba aliutunga akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake usia. Alifariki miaka michache baadaye. Sentensi hiyo nilikuwa nimeiweka kama maelezo ya pembeni. Kumbe utendi mzima ulikuwa umetoka kitandani mwa mtu asiyekuwa na nguvu nyingine isipokuwa maneno na dua. Yeye aliomba kwa imani yake ya Kiislamu na mimi naomba kwa yangu ya Kikristo, lakini chumba cha mgonjwa nakifahamu.

Nikamkumbuka pia Ludwig Krapf, ambaye kozi zetu humtaja kama mwanaleksikografia na kupita. Alifika Mombasa mwaka 1844, na tarehe 8 Juni mwaka huo akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Mwezi uliofuata mke wake Rosina alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga naye akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa akiugua. Aliwazika, akarudi mezani. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya, na aliporipoti kuna theluji karibu na ikweta wataalamu wa Ulaya walikataa kumsadiki. Tuna haki ya kuwahoji wamisionari kuhusu mengi, na mimi ni mmoja wa wanaowahoji. Hata hivyo, nikishika Biblia ya Kiswahili ninakumbuka kwamba mwanzo wake ulikuwa katika nyumba ya msiba, na kwamba Mkristo yule aliyekuwa dhaifu alihitaji kadhi Mwislamu kando yake ili maneno yatoke. Nami nilihitaji Nyanya na tasbihi yake.

Nilirudi chuoni mwanzoni mwa muhula uliofuata na kuomba nafasi ya kuwasilisha tena. Nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, sikukimbia. Niliposimama, kabla ya mada wala salamu za itifaki, nilisema, "Nina kigugumizi. Nitakwama, hasa kwenye jina la lugha tunayoisomea. Naomba mnisubiri, na tafadhali msinimalizie." Nilikwama hapo hapo kwenye neno "kigugumizi," na ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaitaja mada. Neno "Kauli" lilichukua muda. Rafiki yangu aliyerekodi kikao kwa simu aliniambia baadaye kwamba zilikuwa sekunde 19. Mmoja wa wahadhiri, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umeinuka, aliushusha, akaweka kalamu mezani na kungoja. Dunia haikuanguka.

Pili, nilipofika kwenye beti nilizokusudia kuzichambua, sikuzisoma peke yangu. Niliwagawia washiriki nakala nikawaomba tughani pamoja, kwa kuwa tenzi tangu jadi ni za kughaniwa na kusikika, ila sisi tumezifunga ndani ya macho. Walisitasita, halafu sauti moja ikaanza, nyingine ikafuata, hadi ukumbi mzima ukawa na mahadhi mamoja, na ndani yake sauti yangu ilipita juu ya kila /k/ kama maji juu ya jiwe. Niliwasikia akina mama wa Majengo. Tulipomaliza, hapakuwa na mtu aliyekuwa akitazama sakafu. Jopo lilinipa marekebisho ya kurasa mbili na ruhusa ya kuendelea.

Sikuwaambia siku ile kwamba mbinu ile niliitoa kwenye Rozari. Nawaambia leo.

Bado nina kigugumizi. Juma lililopita nilishindwa kumtajia kondakta kituo cha kushukia, nikapelekwa mbele na kurudi kwa miguu. Zipo asubuhi ninapoamka na woga ule wa zamani umenitangulia, na sala yangu huwa fupi na isiyo na ufasaha wowote. Lakini siombi tena jambo lile lile. Naomba kuwa na mtu kando yangu, na kuwa mtu kando ya mwingine. Mwezi uliopita, katika darasa la shahada ya kwanza ninalosaidia kufundisha, msichana mmoja aliinua mkono, akafungua kinywa, na neno likamkwama. Wenzake waliinamisha nyuso. Nilijua neno lenyewe na nilijua maumivu yake, nikasikia hamu kubwa ya kumsaidia kwa kulitamka. Nikafanya kama Nyanya alivyofanya barazani. Niliweka chaki mezani na kungoja hadi akafika.

Ndugu wanafunzi na walimu wangu, tunatumia muda mwingi katika idara zetu tukizungumza juu ya ufasaha, na ni haki tufanye hivyo. Ombi langu ni kwamba tusimpime mtu kwa ulimi wake kabla hatujamsubiri. Huenda anayekwama mbele yenu ndiye aliye na neno zito kuliko wote, na kinachokosekana ni mtu wa kuketi naye hadi litoke. Ama kwa wenzangu wanaoamini, na ambao wameomba jambo mara tatu na halijaondoka, naona ni vyema wajue kwamba kubaki na mwiba si dalili ya imani haba. Asubuhi hii nimeamka mapema, na Mlima ulikuwa wazi. Sasa ni saa tano, umefunikwa. Najua ulipo.